Kisu Chini ya Mto

Kuna aina ya muvi ambayo kila mtu ameiona na hakuna anayekubali kwamba ameiona. Mwanamume na mwanamke wanatamaniana. Mmoja wao ana mke ama mume. Taa zinazimwa, muziki unapungua, na wewe unayetazama unajua kabisa kwamba mahali fulani chini ya mto kuna kisu. Raha na hatari zinalala kitanda kimoja. Marekani walizitoa nyingi sana kati ya miaka ya 1980 na 1990, na mtu aliyejulikana kwazo kuliko wote ni Mwingereza mmoja anayeitwa Adrian Lyne.

Lyne alianza kwa kutengeneza matangazo ya biashara. Mwaka wa 1987 akaongoza Fatal Attraction, hadithi ya wakili mwenye familia anayelala na mwanamke kwa wikendi moja, halafu mwanamke anakataa kuachwa. Muvi hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mwisho tunaoujua si mwisho wa kwanza. Kwanza yule mwanamke, Alex, alijiua na kumwacha wakili akishukiwa kwamba ndiye muuaji. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika. Walitaka Alex auawe, na auawe na mke wa nyumbani. Studio ikalipa, mwisho ukapigwa upya, mke akampiga risasi mwanamke wa nje, na watu wakashangilia kwenye kumbi.

Weka hiyo akilini, kwa sababu nitairudia: mwanamke anayetamani lazima aadhibiwe, na watazamaji ndio waliodai adhabu.

Sasa, mimi naandika haya nikiwa Buyangu, kaskazini mwa msitu wa Kakamega. Ukishuka kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye na kuingia upande wa msitu, utafika kwenye lango la hifadhi ya KWS, na kama una nguvu ya miguu utapanda kilima cha Buyangu uone miti mpaka macho yachoke. Hakuna ukumbi wa sinema hapa. Haukuwahi kuwepo. Lakini muvi zilifika. Zilifika kwenye vibanda vya video vya mabati na mapazia meusi, benchi zimejipanga kama za kanisa, na sauti ya DJ Afro ikitafsiri kila kitu kwa Kiswahili chake, hata yale ambayo hayakusemwa. Arnold Schwarzenegger aliongea Sheng huku kwetu kabla hatujajua kusoma maandishi ya chini ya skrini. Na kipande cha kitandani kilipofika, mwenye kibanda alishika rimoti na kukikimbiza mbele, halafu akina mzee wa nyuma wakaguna kwamba wamelipa pesa yao yote.

Yule mwenye kibanda hakuwa ametumwa na serikali. Lakini mkono wake ulikuwa na historia ndefu. Na historia hiyo ndiyo inaeleza kwa nini, ukiniuliza Adrian Lyne wa Kenya ni nani, itabidi nikupe jibu lenye kona nyingi. Jibu lenyewe ni mwanamke, na jina lake ni Judy Kibinge.

Lakini turudi nyuma kwanza.

Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara katika Tanganyika, Waingereza walianzisha mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa nyingi zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Walipiga filamu kama 35, wakazipakia kwenye lori pamoja na mashine ya kuonyeshea, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi kusini Nyasaland. Filamu zenyewe zilikuwa juu ya nini? Minyoo ya safura. Kuweka pesa kwenye benki ya posta. Kilimo cha kahawa. Mwafrika mjinga upande huu, Mwafrika mwerevu anayefuata ushauri upande ule, na mwisho wa hadithi mwerevu ana shamba zuri.

Yaani sinema ilikuja kwa Mwafrika kama mwalimu, tena mwalimu mwenye kiboko. Kwa Mzungu wa Nairobi sinema ilikuwa starehe ya Jumamosi jioni. Kwa sisi ilikuwa somo la afya. Na wakati huohuo wakoloni walikuwa na hofu kubwa juu ya nini Mwafrika aone. Nairobi tayari kulikuwa na sheria ya kudhibiti maonyesho ya sinema tangu 1912. Filamu moja ingeweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Mwanamke wa Kizungu akibusiwa kwenye skrini, hiyo ilionekana hatari kwa utawala wenyewe, kana kwamba himaya nzima ingeanguka kwa sababu ya busu moja.

Halafu uhuru ukaja, na ungefikiri mambo hayo yangeondoka na bendera yao. Hapana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ile Sura ya 222, ilitungwa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na sisi tukairithi kama vile mtu anavyorithi kabati la babu bila kulifungua. Inasema ukitaka kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani, uombe leseni, na kwenye maombi yako ueleze matukio yote na maneno yote yatakayosemwa. Fikiria hilo kidogo. Kabla mwigizaji wako hajafungua mdomo, ofisa fulani awe ameshasoma atakachosema. Ukiandika kwamba wawili wanaingia chumbani, ofisa anataka kujua wanaingia kufanya nini.

Ndiyo maana filamu za kwanza za Wakenya zilikuwa na adabu nyingi. Sao Gamba alitoa Kolormask mwaka wa 1986, juu ya ndoa ya Mkenya na mwanamke Mzungu na migongano ya utamaduni. Anne Mungai akatoa Saikati mwaka wa 1992, msichana wa Kimaasai anayekataa kuozwa. Ni filamu muhimu, na zilipigwa kwa pesa kidogo mno. Lakini ukizitazama leo unasikia lori la Vugiri likinguruma kwa mbali. Kuna tatizo la jamii, kuna mjadala, kuna funzo. Na miaka ya 1990, wafadhili walipokuja na pesa za kampeni za UKIMWI, mapenzi kwenye skrini yetu yakawa karibu yote ni onyo. Ukiona wawili wamekaribiana kwenye filamu ya Kikenya, unajua kabla ya dakika ya sitini mmoja atakuwa hospitalini. Sibezi. Watu walikuwa wanakufa kweli, na huku kwetu magharibi tulizika sana. Lakini kizazi kizima kilikua kikijiona kwenye skrini kama wagonjwa watarajiwa.

Wakati huohuo, mapenzi ya raha na hatari yalikuwepo Kenya kwenye sinema, ila hayakuwa yetu. Mwaka wa 1987, mwaka uleule wa Fatal Attraction, Mwingereza Michael Radford alitoa White Mischief. Hadithi ni ya kweli. Usiku wa Januari 24, 1941, Lord Erroll, mlowezi mashuhuri kwa kulala na wake za watu, alipatikana ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi, karibu na Karen. Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mke wake mchanga alikuwa mpenzi wa Erroll, alishtakiwa na akaachiliwa. Mwishoni mwa 1942 alijiua huko Liverpool. Hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa mauaji hayo.

Ni hadithi tamu, na Radford aliipiga vizuri, mwanga wote ule wa Naivasha. Kuna shampeni, kuna miili, kuna wivu, kuna bastola. Kila kitu kinachotakiwa kwenye muvi ya kisu chini ya mto. Lakini angalia Waafrika wako wapi: wamesimama na sinia. Wanafungua milango. Wanaona yote na hawatamani chochote. Kenya ni kitanda, lakini wanaolala ni wengine, na sisi kazi yetu ni kubadilisha shuka.

Hapo ndipo Judy Kibinge anaingia.

Kibinge alizaliwa 1967. Kama Lyne, alitoka kwenye matangazo ya biashara: alikuwa mkurugenzi wa ubunifu katika tawi la Kenya la McCann Erickson, kazi ambayo kwa Nairobi ya miaka ya 1990 ilikuwa kazi ya maana, mshahara na gari na heshima. Mwaka wa 1999 akaiacha aende kutengeneza filamu, katika nchi ambayo haikuwa na tasnia ya filamu. Mimi mtu aliyeacha chuo kabla ya kumaliza, na ambaye shangazi zake bado wanauliza nitarudi lini, namwelewa zaidi hapo kuliko penginepo pote.

Mwaka wa 2002 akaongoza Dangerous Affair, ikatayarishwa na Njeri Karago, na Nini Wacera akiwa miongoni mwa nyota wake. Jina lenyewe linakueleza kila kitu: mahusiano ya hatari. Ni vijana wa Nairobi wenye kazi na nyumba nzuri, kuna harusi, na kuna mapenzi ya zamani ambayo hayajazikwa vizuri. Mwaka huohuo wa 2002, Adrian Lyne alitoa Unfaithful, hadithi ya mke wa mtu anayepata kijana wa nje. Mmoja alikuwa na Richard Gere na mamilioni ya studio. Mwingine alikuwa na kamera ya video ya dijitali na marafiki.

Kwa macho ya leo, mambo ya Dangerous Affair ni ya kawaida. Utaona makali zaidi kwenye simu yako kabla ya chai ya saa nne. Lakini uliza ilikuwa inavunja nini. Hakuna NGO iliyosimama mwishoni kutoa ushauri. Hakuna kijiji, hakuna ng'ombe, hakuna mzee wa hekima. Mwanamke Mwafrika anatamani, anakosea, anadanganya, anadanganywa, na anavaa vizuri wakati wa kufanya hayo yote. Waliokuwa wanashika sinia kwenye sinema ya Radford sasa ndio wenye nyumba. Filamu ilipata tuzo kwenye Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, mwaka wa 2003. Na kwa vile ilipigwa kwa video badala ya filamu ya gharama, ilionyesha wengine kwamba inawezekana. Miaka ileile, kule River Road, watu wa mkono kwa mkono walikuwa wanaanza kupiga na kuuza muvi zao wenyewe, soko tuliloliita Riverwood. Mlango ulikuwa umefunguka.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo Kibinge alitoa muvi kumi za aina hiyo na kuwa tajiri. Haikuwa hivyo. Alitoa Project Daddy mwaka wa 2004, nyepesi na ya kuchekesha zaidi, halafu Killer Necklace mwaka wa 2008, filamu fupi iliyopatikana kupitia mpango wa M-Net wa kusaidia waongozaji wapya. Killer Necklace ni mapenzi tena, na kisu kipo tena, ila sasa kitanda ni cha maskini. Kijana anampenda msichana, msichana ametamani mkufu, na pesa za mkufu hazipo. Kwa Lyne, hatari inatoka kwenye tamaa ya mwili peke yake, kwa sababu watu wake wote wana pesa. Kwa Kibinge, hatari inatoka kwenye pengo kati ya unachotamani na ulicho nacho mfukoni. Yeyote aliyewahi kumtoa mtu deti Kakamega mjini akiwa na nauli ya kwenda tu anaelewa hiyo ni hofu ya aina gani.

Halafu historia yenyewe ikaingia chumbani bila kubisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Majirani waligeuka. Mtu unayemjua jina ndiye aliyekuja na panga. Kibinge akaongoza Something Necessary, iliyotoka 2013 kupitia One Fine Day Films, warsha ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann iliyotoa pia Nairobi Half Life. Inamhusu Anne, muuguzi aliyepoteza mume katika ghasia, na kijana aliyekuwa kwenye genge lililovamia nyumba yake na sasa hajui aishi vipi na alichokifanya. Mwanamke na mwanamume tena, nyumba tena, siri tena. Tofauti ni kwamba hapa tamaa imeisha na imebaki hatari peke yake, na swali la nani anaweza kumwangalia mwenzake usoni.

Mwaka wa 2015 akaenda mbali zaidi kwa Scarred: The Anatomy of a Massacre, filamu ya hali halisi juu ya Wagalla. Mwezi wa Februari 1984, wanajeshi walikusanya wanaume wa jamii ya Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, wakawaua. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanahesabu zaidi, zaidi sana. Filamu inawapa hao manusura kiti na kamera. Na kabla ya hapo Kibinge alikuwa ameanzisha Docubox, mfuko wa kusaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi Afrika Mashariki, ili mwingine akiacha kazi kama alivyofanya yeye 1999, asikute jangwa.

Kuna watu husema kwamba alianza na mambo mepesi akakua akaingia kwenye mambo mazito. Mimi sikubaliani, na hapa ndipo naomba unisikilize. Hayo yote ni jambo moja. Mtu aliyeweza kutazama mwanamke wa Nairobi akitamani bila kumhukumu ndiye aliyeweza kutazama mjane akichukia bila kumfundisha jinsi ya kusamehe. Lori la Vugiri halikuweza kufanya hata moja kati ya hayo mawili. Ili uonyeshe maumivu ya watu kwa heshima, lazima kwanza ukubali kwamba ni watu wazima, wenye miili, wenye wivu, wenye siri, wanaoweza kujiamulia. Nchi inayokataza busu kwenye skrini ni nchi ileile isiyotaka kusikia habari za Wagalla. Zote mbili zinaanzia pale pale: raia hawezi kuaminiwa na anachokiona.

Ukitaka ushahidi, angalia kilichofuata. Januari 2014, bodi ya kuainisha filamu, KFCB, ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street. Oktoba mwaka huohuo ikazuia Stories of Our Lives, ya hapahapa Nairobi. Februari 2015 ikawa zamu ya Fifty Shades of Grey, na wauza DVD wakafanya biashara ambayo hawajawahi kuifanya. Aprili 2018 ikazuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, wiki chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa Tamasha la Cannes. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wasichana wawili wanapendana na mwisho wake una matumaini. Isome tena hiyo sababu. Laiti mmoja angekufa, laiti wangejuta, pengine ingepita. Ni watazamaji wa Fatal Attraction haohao wakidai Alex auawe, ila safari hii wana muhuri wa serikali. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu Rafiki ionyeshwe kwa siku saba tu, kwa watu wazima. Watu walijaa kumbi za Nairobi. Jumapili ikafika, marufuku ikarudi.

Na usidhani hayo ni ya watu wa Nairobi na Cannes. Mwezi wa Mei 2018 bodi hiyohiyo ilitoa tangazo kwamba yeyote anayepiga video za kuonyeshwa umma, hata za mtandaoni, anahitaji leseni. Huku Buyangu vijana wanapiga vichekesho kwa simu ukingoni mwa msitu, mbega wakipita juu ya vichwa vyao. Kuna jamaa wanaotunga hadithi za mapenzi za dakika tano: mke wa mtu, bodaboda, mama mkwe anayerudi mapema kutoka soko la Kambiri. Kwa sheria ya 1962, kila mmoja wao anatakiwa kuandika maneno yote kwanza, apeleke ofisini, alipe, asubiri.

Hawafanyi hivyo, bila shaka. Wanapiga tu. Lakini nimekaa nao nikaona kitu kinachonitia wasiwasi kuliko sheria yenyewe. Karibu kila hadithi, mwanamke aliyetamani anaishia kupigwa, kuachwa, au kuchekwa. Hakuna ofisa aliyewaambia. Wamejifunza kutoka kwenye rimoti ya mwenye kibanda, kutoka kwenye filamu za UKIMWI shuleni, kutoka kwa Lyne mwenyewe. Mkaguzi ameshahamia ndani ya simu.

Ndiyo maana naona Dangerous Affair inafaa kutafutwa tena na kutazamwa. Haikuwa muvi kamilifu, na sauti yake inakwama mahali. Ila mwaka wa 2002 mtu mmoja alipiga mapenzi ya Wakenya bila kiboko mkononi. Juzi niliwauliza wale vijana wa vichekesho, kwani lazima yule mke wa mtu apigwe mwishoni? Kimya kidogo. Halafu msichana anayeigiza mke, ambaye huwa haulizwi chochote, akasema yeye ana mwisho mwingine. Wamekubaliana kuupiga Jumamosi, mvua isiponyesha.